Domeni ID za swichi za SAN: uzifunge, upendekeze, uiachie fabriki, ama swichi isiwe na ID kabisa?

Hii swali inakuja kila mara mtu wa IT hapa Kisumu ama Nakuru ameongezewa swichi ya pili kwa SAN yake (ule mtandao wa kuunganisha seva na diski za storeji). Ile ya kwanza ilikaa miaka yote na namba (domeni ID) ya kiwandani bila kusumbua mtu, sasa ziko mbili, kuna mpango wa kuvuta laini mpaka Nakuru, na hajui kama namba aandike mwenyewe ama aache zijipange. Jibu langu la haraka ni andika mwenyewe na uifunge. Lakini kuna mahali hiyo ni kujichosha bure na kuna mahali dawa ni swichi isiwe na namba yoyote, so wacha tuzilinganishe pole pole. (Kama storeji yako ni iSCSI peke yake, ile ya kupita kwa mtandao wa kawaida, hii stori yote haikuhusu, endelea na shughuli zako.)

Namba yenyewe inafanya nini

Kila kitu kinachoingia kwa fabriki ya Fibre Channel, yaani zile swichi za SAN zikiwa zimeungana kuwa mtandao mmoja, kinapewa anwani ya biti 24, ndio wanaita FCID. Biti 8 za mbele ni domeni ID, yaani namba ya swichi, 8 za katikati ni area na 8 za mwisho ni za poti. Chukua swichi ya Brocade yenye domeni 10, seva imechomekwa poti 20. Kwa heksa (namba za msingi wa 16) 10 ni 0a, 20 ni 14, so kwa kawaida hiyo seva utaiona na anwani 0a1400, maana Brocade inaweka namba ya poti pale kwa area. Sasa domeni ikigeuka ikawa 12, hiyo seva bila mtu kugusa kebo yake inakuwa 0c1400, na kila kitu kingine kwa hiyo swichi kimebadilika hivyo hivyo. Ni kama zile simu za mezani, Kisumu 057 na Nakuru 051, ukigeuza kodi ya mji basi kila nyumba ina namba mpya na hakuna mtu amehama.

Namba halali ni 1 mpaka 239. 0 haipewi swichi, na zile za juu kuanzia 240 zimewekwa kando, huko ndiko kuna anwani za huduma za fabriki yenyewe, FFFFFC ya kusajili majina, FFFFFE ya kuingilia na wenzake. Hakuna mtu huku kwetu atamaliza 239. Kwetu shida inakuja swichi mbili zikidai namba moja, ama namba ikihama kimya kimya wakati kuna kitu mahali kilikuwa kimeiandika.

Na nani anazigawa? Swichi zikiunganishwa zinabadilishana taarifa na kuchagua moja iwe swichi kuu. Yule mwenye namba ndogo ya kipaumbele anashinda, wakitoshana anashinda mwenye WWN (namba ya kudumu ya kifaa kutoka kiwandani) ndogo. Kwa Cisco MDS kipaumbele cha kiwandani ni 128, so kama hujagusa kitu wote wako sawa na WWN ndio inaamua, maana yake mkubwa wa fabriki yako anaweza kuwa kale kaswichi kazee kako chini ya raki ambako ulikuwa unapanga kukatoa. Swichi kuu ikishapatikana inajipa namba yake, halafu zingine zinaiomba zao, moja moja. Tofauti kati ya hizi njia tatu za kwanza ni moja tu: swichi inafanya nini ikinyimwa ile namba iliomba.

Kuiachia fabriki ipange yenyewe

Hapa hujaandika chochote. Kwa Cisco namba iliyosetiwa inakaa 0, na hiyo 0 maana yake ni "nipe yoyote". Angalia sana hapa kama unahama kutoka Cisco kwenda Brocade, kwa sababu Brocade inatoka kiwandani na 1, na ukijaribu kuiwekea 0 wenyewe wanaonya kwa vitabu vyao kwamba swichi inaweza kuanza kujizima na kujiwasha bila kuacha. Namba ile ile, upande mmoja ni salama na upande ule mwingine ni usiku mrefu.

Uzuri wa kuiachia ni kwamba inafanya kazi. Kweli kabisa, ukiwa na swichi moja kwa fabriki A na moja kwa fabriki B (njia mbili tofauti za kufikia diski zile zile), haziunganishwi, zoni zako (orodha za nani anaruhusiwa kuona nani) zote ni za WWN na seva ni VMware ama Linux ya kawaida, hutaona tofauti yoyote hata miaka kumi. Saco ndogo, shule, ofisi yenye raki moja, sawa tu.

Ubaya ni kwamba hakuna ahadi. Leo swichi ya juu ni 1 na ya chini ni 2, stima ipotee, UPS ichoke, jenereta ichelewe kama kawaida yake, na vile stima inarudi swichi zinaamka kwa mpangilio mwingine na inawezekana namba zikagawanywa vingine. Kwa mtu mwenye zoni za WWN hiyo ni sekunde chache za trafiki kusimama na maisha yanaendelea. Kwa mtu aliyeandika zoni kwa domeni na poti, ile ya "2,14", sasa zoni yake inaelekeza kwa swichi nyingine kabisa. Hapo sio tu seva kukosa diski, inaweza ikaona diski ya mwenzake, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Kupendekeza

Kwa Cisco unaandika hivi (VSAN ni fabriki pepe ndani ya swichi, hapa ni ile ya 10):

fcdomain domain 11 preferred vsan 10

Swichi inaenda kwa mkubwa inasema naomba 11. Iko? Inapewa. Haiko? Inapewa nyingine, inaichukua bila ubishi na inaingia kazi. Brocade nayo bila kuwasha ile modi ya kung'ang'ania inafanana na hii: ina namba imehifadhi, lakini ikiamka ikute hiyo namba iko na swichi nyingine na hiyo swichi haijaifunga, mgongano unatatuliwa wenyewe, trafiki inasimama kidogo na swichi inatoka na namba nyingine.

Watu wengi wanapenda hii kwa sababu swichi haigomi. Mimi naiona kama njia ya katikati ambayo inakupa ubaya wa pande zote mbili, kwa sababu uliandika namba, ukaichora kwa daftari, ukabandika stika kwa swichi, halafu siku moja swichi iko na namba nyingine na taa zote ni za kijani. Hakuna kelele. Utajua siku ile mtu analia diski hazionekani. Mahali naikubali ni wakati wa kuhama, unaunganisha fabriki mbili usiku na unataka ziungane kwanza halafu upange namba vizuri kabla ya asubuhi.

Kuifunga

fcdomain domain 11 static vsan 10

Kwa Brocade unazima swichi kwa switchdisable, unaingia configure, kwa zile setingi za fabriki unaandika domeni unayotaka na unawasha Insistent Domain ID Mode, halafu switchenable. Kuanzia hapo swichi ni mbishi: nipe 11 ama siingii. Ikinyimwa inajitenga, laini yake ya kwenda kwa wenzake inafungwa, na seva zilizoko kwake zinabaki kisiwani na hiyo swichi yao moja.

Inasikika vibaya, si ndio? Swichi kugoma saa tisa usiku. Lakini fikiria nini imegoma: njia moja ya fabriki moja. Kama ulijenga A na B vile inafaa, multipathi (programu ya seva ya kuchagua njia ya kwenda kwa diski) inahamisha kila kitu kwa B, na wewe unapata alamu kubwa inasema domain overlap (namba zimegongana) na unajua hasa unatafuta nini. Mimi kosa la kelele nalipenda kuliko la kimya, na hiyo ndio sababu kubwa ya mimi kufunga kila kitu. Kama huna fabriki B, shida yako ya kwanza sio domeni ID.

Kuna mahali kufunga sio maoni, ni lazima. FICON, ile njia mainframe za IBM zinaongea na storeji, inadai hivyo, ukiunganisha swichi mbili za FICON bila kufunga namba haiendi, ingawa huku magharibi mainframe sijui utaipata wapi. Kisha kuna mashine za Unix za zamani, na hizi ziko bado, usidanganyike. HP-UX za 11i v1 na v2 zinajenga njia ya diski kwa kutumia hiyo anwani ya fabriki, so domeni ikibadilika mfumo unaona diski mpya kabisa na zile za zamani zinaonekana zimekufa. 11i v3 ilileta njia nyingine ya kutaja diski na hiyo shida ikapungua. AIX nayo ina dyntrk, ukiiwasha kwa kila fscsi (vile AIX inaita kifaa cha Fibre Channel) inavumilia anwani kubadilika, lakini angalia kama mtu aliiwasha kweli, lsattr -El fscsi0 itakuambia.

Na usichanganye kwa VSAN moja, nusu zimefungwa nusu zimependekeza. Wote wawe aina moja. Ukichanganya, yule wa kupendekeza ndiye anasukumwa kila mara na hutaelewa kwa nini.

Kitu kufunga hakutakuokolea

Kuna hospitali moja ya kibinafsi huku kwetu, jina tuliache, walikuwa na swichi mbili kwa fabriki A, domeni 1 na domeni 2, na zoni zote zimeandikwa kwa domeni na poti, kazi ya mtu aliyeondoka zamani. Ile ya 2 ikafa baada ya stima kurudi kwa nguvu. Wakaletewa mbadala, mtumba safi kutoka kwa muuzaji, fundi akafuta zoni zake za zamani, akachomeka, akawasha. Ikaingia vizuri kabisa. fabricshow ikaonyesha swichi mbili, kamshale ka > kakiwa kwa ile ya domeni 1 kuonyesha ndiyo kuu, hakuna alamu, hakuna mgongano. Sababu hakukuwa na mgongano ni kwamba ile mbadala ilikuja na domeni 7 kutoka alikotoka, na 7 haikuwa na mtu. Zoni nazo zilikuwa zinaita 2,0 na 2,4 na 2,9, na hakuna 2 tena duniani. Seva zikaendelea kwa fabriki B peke yake na hakuna aliyejua, mpaka siku wakaguse B kwa matengenezo na mfumo wa maabara na wa kaunta ya dawa zikasimama pamoja.

Sasa ona, hata kama ile 2 ya zamani ilikuwa imefungwa, haingesaidia, kwa sababu setingi ya kufunga ilikufa na swichi. Kufunga kunazuia fabriki isikubadilishie namba, hakumzuii binadamu kuleta swichi yenye namba nyingine. Kwa hivyo kabla ya kuchomeka swichi yoyote, hata mpya, unaiwasha ikiwa peke yake mezani, unaingia kwa kebo ya konsoli, switchshow, unasoma ile laini ya switchDomain, unaiwekea namba ya marehemu, ndio unaenda nayo kwa raki. Halafu zile zoni za domeni na poti, tafadhali, anza kuzihamisha kwenda WWN. Sio lazima zote kwa siku moja.

Swichi isiwe na namba kabisa

Hii ndio watu wanasahau. Zile swichi ndogo za ndani ya chesi ya bledi (sanduku moja lenye seva nyingi nyembamba), ama zile za juu ya raki zenye seva chache, si lazima ziwe swichi kamili. Cisco wanaita NPV, Brocade wanaita Access Gateway. Kwa hii modi swichi haiombi domeni ID, haipigi kura ya swichi kuu, haibebi zoni. Kwa ile swichi ya juu inaonekana kama kundi la seva nyingi zimeingia kwa poti moja kupitia NPIV (poti moja kubeba anwani nyingi), na seva zote zinapata FCID yenye domeni ya ile ya juu. Ukiwa na chesi nne za bledi kila moja na swichi mbili, hizo zingekuwa domeni nane za kusimamia. Ukitumia NPV ni sifuri.

Bei yake: kwa Cisco ukiwasha feature npv swichi inafuta setingi zake na kujiwasha upya, so hiyo unafanya kabla haijabeba kazi. Brocade pia itataka izimwe kwanza na itajiwasha tena, na zoni zake zinaenda. Swichi ya juu lazima NPIV iwe imewashwa. Seva mbili za chesi moja zikitaka kuongea lazima zipande juu zirudi, ambalo kwa storeji si neno kwa sababu seva haiongei na seva, inaongea na diski. Na laini ya juu ikikatika seva zinaingia upya kupitia nyingine, zikiangukia swichi tofauti FCID inakuwa tofauti, so ile HP-UX ya zamani usiiweke huku.

Kwa chesi za bledi mimi siulizi mara mbili, ni hii.

Laini ya Kisumu na Nakuru

Hapa ndipo uamuzi unakuwa mzito. Ukivuta FCIP (Fibre Channel ikibebwa ndani ya mtandao wa IP) kati ya saiti mbili, bila kuweka ruta ya Fibre Channel katikati, fabriki zako mbili zimekuwa moja. Kama Kisumu ilikuwa na domeni 1 na Nakuru pia ni domeni 1 kwa sababu zote zilitoka kiwandani hivyo, laini haiingii, poti inabaki segmented (imetengwa) na unaanza kulaumu mtoa huduma wa mtandao bure.

Hiyo ni rahisi kuona. Ngumu ni hii: fabriki iko sawa, imeungana, namba hazijafungwa. Tingatinga ya barabara inakata faiba huko karibu na Kericho na saiti zinaachana. Nakuru inajichagulia swichi kuu yake, Kisumu inabaki na yake, kila mmoja anajua namba za upande wake tu. Sasa kwa hizo siku laini iko chini mtu wa Nakuru anawasha swichi mpya, inaomba namba, inapewa moja ambayo kule Nakuru iko huru. Lakini Kisumu kuna mwenye hiyo namba. Faiba inarudi, pande mbili zinakutana, mgongano, laini inajitenga, na replikesheni (kunakili data kwenda saiti ya pili) haisongi ingawa mtandao umerudi na ping inapita. Kama namba zimefungwa na kila saiti ina fungu lake, hii haitokei, saiti zinaungana tena kwa ule mchakato wa upole ambao hauangushi trafiki ya ndani.

Cisco wana kitu cha fcdomain allowed, unamwambia mkubwa agawe namba za kati ya hapa na hapa tu, weka hiyo pia. Na wana auto-reconfigure, ambayo ikikuta mgongano inalazimisha fabriki yote ijipange upya kwa nguvu. Kiwandani inatoka imezimwa. Iache imezimwa, hutaki tatizo la Nakuru liangushe Kisumu.

Mpango wangu wa namba ni wa kawaida tu: Kisumu fabriki A 11, B 12, Nakuru A 21, B 22, ukiongeza swichi Kisumu A inakuwa 13, B 14, na hivyo hivyo. A zote ni witiri, B zote ni shufwa. A na B haziunganishwi so kitaalamu zingeweza kurudia namba, lakini ukisoma logi usiku na uone FCID inaanza na 15 unajua mara moja ni heksa ya 21, Nakuru, fabriki A. Usisome hiyo 15 kama kumi na tano, watu wanapotea hapo. Kwa Cisco show fcdomain domain-list inakuandikia zote mbili, 0x15(21), hiyo ni nzuri. Na kama unatumia IVR kupitisha trafiki kati ya VSAN bila NAT (kubadilisha anwani njiani), domeni lazima zisirudiwe kwa VSAN zote zinazohusika, hiyo ni sababu nyingine ya kupanga mapema.

So unachagua gani

Swichi mbili zisizounganishwa, zoni za WWN, hakuna Unix ya zamani: iachie, lakini angalau andika namba zake mahali. Bledi: NPV ama Access Gateway. Kila kitu kingine, na hasa kitu chochote chenye laini ya kwenda mji mwingine, funga.

Na kama fabriki yako tayari inatembea na unaogopa kugusa, kwa Cisco kuna njia isiyo na maumivu. Angalia namba inayotumika saa hii kwa show fcdomain, uiandike hiyo hiyo kama static, halafu fcdomain restart vsan 10 bila lile neno disruptive. Kwa sababu namba haibadiliki, trafiki haianguki. Ukitaka namba tofauti na ile inayotumika, hapo ndio inadai disruptive na hiyo VSAN itakatika kidogo. Kwa Brocade hakuna ujanja, swichi lazima izimwe. Anza na fabriki A, lakini kabla ya kuzima ingia kwa kila seva uhesabu njia za B kama ziko hai, multipath -ll kwa Linux, lspath kwa AIX, kwa VMware angalia njia za kila diski. Maliza A, subiri njia zake zirudi zote, hesabu tena, ndio uguse B.